Waliolala Kwenye Kiwanja cha Mama

Ronge,
kupitia Posta ya Mwatate.
17 Septemba 1978

Mpendwa kaka Gibson,

Hujambo huko Kisumu? Wifi Beth na watoto hawajambo? Kikohozi cha Donald kimepona? Sisi huku tu wazima, Mungu ametushika. Leo nakuandikia nikicheka, si kama barua ile ya Aprili niliyoilowesha kwa machozi.

Wakumbuka nilikueleza fundi Fanuel alivyochimba msingi wa nyumba ya Mama akakuta mawe yamepangwa duara, na ndani majivu na mifupa. Baba mdogo Nehemiah akasimama kule njiani, hata hakusogea, akatangaza kuwa ni makaburi. Mama akaapa hatalala juu ya wafu, maana watamwita naye asiamke. Kazi ikasimama. Masika yote nikawa nahamisha kitanda chake pembe hii hadi ile, ukuta wa nyumba ya zamani ukimomonyoka. Kaka, niliogopa utamwangukia.

Basi Julai wakaja watu wa mambo ya kale, waliokuwa wamepiga hema upande wa Marungu. Mwalimu Thadeus ndiye aliyewaleta. Mkubwa wao ni binti wa Kikamba, Mutindi, mpole lakini hatishiki. Akapiga magoti, akaanza kufagia udongo kwa brashi ya rangi. Looh! Nikajisemea, kwa mwendo huu Krismasi itatukuta hapa.

Kumbe si makaburi! Ni vibanda vya wachungaji wa zamani sana. Kiangazi, nyasi za nyikani zikiisha, walipandisha ng'ombe huku juu wakajenga vibanda, na mvua ikinyesha wakashuka tena. Mawe yale yalishikilia kuta zao. Majivu ni ya mafiga yao. Duara dogo la pembeni lilikuwa zizi la ndama, samadi yake imekauka mpaka jembe linaruka. Na mifupa yote ni ya mbuzi na ng'ombe. Walikula nyama yao, basi!

Mutindi akampa baba mdogo taya lenye meno. Akaligeuza, akaligeuza tena. "Ni la ndama," akasema kwa sauti ndogo. Jamani! Mtu amechunga tangu utotoni, anatutesa miezi yote hiyo kwa taya la ndama! Nilimpasha, Kaka, sikufichi. Halafu nikampikia chai, maana ni baba yangu.

Kesho yake Mama akaenda kiwanjani peke yake, akaingia katikati ya duara, akakaa palipokuwa mafiga. Nililia kwa furaha. Wageni walipomaliza kupima na kuchora, walituruhusu kujenga. Maduara mawili ya nyuma tumeyaacha yalivyo.

Fanuel alimaliza kupiga mabati Jumanne. Mama alihamia jana jioni, akakataa mtu wa kulala naye. Mimi sikupata usingizi. Kulipopambazuka nikakimbia kule, nikamkuta anakoroga uji. Kabla sijamwamkia akasema, "Mwandikie Gibson nimelala, na nimeamka."

Baba mdogo anakusalimu, na Mkamburi na Loise pia. Nibusie watoto. Mungu awafunike kwa baraka zake hapo mlipo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Tryphena