Tamvua la Pembeni

Jumatatu, 4 Februari 1985
Mashuka ya gesti tangu asubuhi. Kisha kikoi cha Bi Mwanaesha. Nimekiunguza. Nilipuliza makaa pasi ikiwa juu ya nguo, kosa ambalo hata mwanagenzi halifanyi. Cheche moja tu. Tundu kama punje ya mtama, karibu na pindo jekundu. Mjinga mimi! Miaka kumi na miwili ya udobi.

Kikoi chenyewe si cha dukani. Marehemu mumewe alikifuma kwa mkono kwao Siyu, akaolea. Ijumaa mwana wao Athmani anaoa nacho. Mfumi kafa, kitanda chake cha kufumia kimeliwa na mchwa. Hakuna kingine.

Jumanne, 5 Februari
Sahani nimeirudisha kama ilivyokuja. Kadzo mke wangu kaniuliza nina nini, nikamfokea bure. Baadaye nikamwonyesha. Alicheka, kisha akaenda kufunga mlango. Huko kufunga mlango ndiko kulikonitisha.

Nimeazima sindano yake. Uzi wa dukani haufai, unang'aa mno. Wa kikoi umesokotwa kwa mkono, hapa mnene, hapa mwembamba. Nitautoa wapi?

Bi Mwanaesha ana mtoto wa jicho. Haoni vizuri. Naona haya kuandika, lakini ndilo tumaini langu.

Jumatano, 6 Februari
Uzi nimeupata kwenye kikoi chenyewe. Nimekata tamvua moja la pembeni, zile nyuzi zinazoning'inia mwishoni mwa nguo.

Kulifumua kumenichukua saa mbili nzima. Nyuzi zimesokotwa mbili mbili kwenda kulia, kisha zote pamoja kwenda kushoto, fundo chini. Nikajaribu kusokota jingine nilibandike mahali pake. Likajifumua mkononi. Mara ya pili vilevile. Vidole vimechubuka, na matamvua yako arobaini kila upande. Nani alikaa akayasokota yote haya?

Alhamisi, 7 Februari
Nyuzi tano za urefu, sita za kukatiza. Juu, chini, juu, chini, pumzi nimeibana. Tundu halionekani. Kadzo kalitafuta kalikosa.

Nimekikunja. Kesho Bi Mwanaesha anakuja kukichukua.

Ijumaa, 8 Februari
Kaja saa mbili. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mwizi. Hakukikunjua kikoi. Alikaa kibaoni, akashika ncha, akaanza kupitisha matamvua vidoleni, moja moja. Yarabi, nikajua nimekwisha. Alipofika pembeni akasita. Akaanza upya.

"Nguo kafuma mume wangu," kasema. "Haya nilisokota mimi, siku saba, nikiwa bibi harusi. Langu moja liko wapi, Charo?"

Nikamwambia yote. Cheche, tundu, uzi. Hata habari ya macho yake. "Nionyeshe," kasema. Nikakiweka kidole chake pale niliposhona. Akapapasa kitambo. Hakunilaani wala hakunisamehe. Akachukua kikoi akaenda zake.

Nimefunga duka. Sina uso wa kuwatazama watu.

Jumatatu, 18 Februari
Fungate imekwisha. Athmani kaja mwenyewe, amenawiri, kikoi kwapani kinanukia udi. Kifuliwe. Mama yake kasema kisipigwe pasi.

Alipoondoka nikahesabu matamvua ya upande ule. Arobaini. Nikarudia. Arobaini. La pembeni ni jipya, uzi mweupe zaidi, msokoto wa mkono uleule, limekazwa kuliko yote.

Nimekifua polepole, nikakianika kivulini. Nikakaa nacho mpaka kikakauka.