Kabati Lisilopumua

Jumatatu, 3 Juni
Nimeranda mbao za milango minne. Baridi ya Mafinga imeng'ata vidole. Nyumbani maneno ni yale yale: mke wangu Tusekile kafungua madirisha yote, anasema bafu linanuka. Mimi sisikii harufu yoyote. Nimemwambia ni mimba hiyo, inamchezea pua.

Jumatano, 5 Juni
Tena. Ametapika chai yote. Choo kikivutwa maji, tundu la sakafuni linalia gluu gluu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Fundi Sanga ndiye aliyefunga mabomba. Alitaka kutoboa paa apitishe bomba la kupumulia nikakataa. Bati jipya, litobolewe? Ndipo akaweka vali ya hewa humo humo ndani, nyuma ya sinki. Maji yakishuka inafunguka, inavuta hewa, inajifunga. Ndivyo alivyosema. Naona alinipiga changa la macho.

Ijumaa, 7 Juni
Ameondoka. Nimerudi kutoka karakana, kitanda kimetandikwa, sanduku halipo. Kaenda kwa mama yake, Chimala. Amechukua na nguo za mtoto, zile za njano. Umebaki mwezi mmoja ajifungue. Kaniachia ujumbe kwenye simu: hataleta kichanga kwenye uvundo, wala hatarudi kwa mtu anayemwambia pua yake inamdanganya. Sikula.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepiga simu mara tisa. Ya kumi akapokea mama mkwe. Kanisalimu kwa upole unaoumiza, akasema mwanawe amelala. Saa nne asubuhi!
Nimemwita jirani, Mama Neema, aje anuse. Hakufika hata sebule ilipoishia. Kaziba pua kwa khanga, akanipa pole kama ya msiba. Kumbe ni kweli. Miaka yote hii ya vanishi na vumbi la mbao imeniua pua, nami nikamfanya mke wangu mwongo. Najichukia.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Nimesugua kwa sabuni, kwa magadi, kwa dawa ya choo. Mama Neema anachungulia dirishani, anatikisa kichwa. Nimelia sakafuni, mwanaume mzima, brashi ya choo mkononi. Mwanangu atazaliwa ugenini kwa sababu ya mdomo wangu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemfuata Sanga kwa shari. Mbele ya wateja wake nimemwita tapeli. Kachukua mkoba wake, tukaja nyumbani.
Bafuni kasimama mbele ya kabati langu. Nililitengeneza Januari kuficha mabomba: msonobari mkavu, kila ufa nimeuziba kwa gundi na vumbi la mbao, vanishi mara tatu. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile.
"Vali iko wapi?"
"Humo ndani."
Kacheka kidogo, akaacha. "Fundi, umeizika hai. Itavuta hewa gani humo?"
Kanieleza polepole. Kwenye kona za mabomba kuna maji yanayokaa kuzuia harufu. Vali ikikosa hewa, maji ya choo yakishuka yanayafyonza na hayo. Kona zikikauka, uvundo wa shimo la choo unapanda ndani.
Siku ile napaka vanishi, Tusekile alisema niache hata kitundu. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Jumanne, 11 Juni
Nimelitoboa kabati kwa keekee, juu na chini, matundu arobaini. Kila tundu limeniuma. Nikamwaga maji kwenye kona zote. Mama Neema kaingia, kavuta pumzi ndefu. "Haya, sasa mtu anaweza kuishi."
Nimemwomba Sanga radhi mbele ya watu. Kanishika mkono. Tusekile hapokei simu.

Alhamisi, 13 Juni
Amepokea. Nimemwambia alisema kweli, aliyeziba ni mimi. Sikujitetea. Akasema nikavute maji ya choo, simu niiweke karibu.
Nikavuta. Maji yakashuka. Hakuna gluu. Ndani ya kabati tu, kisauti kidogo.
"Nini hicho?"
"Vali inapumua."
Akasema nimfuate Jumamosi. Atanusa mwenyewe kwanza. Mpaka anuse, nguo za mtoto zitabaki kwenye sanduku.
Nimesema sawa. Sikuongeza neno.