Mwendo Wako, Hawe

Mke wangu mzee,

Nimerudi. Usianze kunifokea, hebu nipumue kwanza. Nimerudi mweusi tii, mashavu yameingia ndani, na begi langu Shangazi Kadzo amelitoa nje kwa ncha ya ufagio akisema kuna mnyama amefia mle. Mke mwenzako sikumleta. Najua ungeuliza hilo kabla hata ya salamu.

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwako hapa Mwakirunge, nimekalia kile kigoda chako kilicholegea mguu. Malori ya kwenda jaani bado yanapita na vumbi lake, na mimi bado nafunika kikombe cha chai kwa kiganja kama ulivyonifundisha. Kila kitu kiko mahali pake ila wewe tu.

Mtu asiyetujua akiiokota barua hii atasema kijana amepagawa, nani humwita nyanyake mke? Lakini uliyeanza ni wewe. Nilipozaliwa nikapewa jina la babu, Karisa, aliyekuwa amekufa zamani, nawe ukanipokea kutoka mikononi mwa mama ukasema, "Afadhali amerudi, na safari hii hana meno." Tangu hapo nikawa mume. Nikichelewa kuja kukuona, ulinituhumu kwa wanawake wa Junda. Nikileta sukari, ulisema Karisa wa kwanza alikuwa akileta na majani ya chai. Kwetu mjukuu na hawe wake ni watani, hilo si geni, lakini sisi tulizidi, hata watu wa kanisani wakawa wanatukodolea macho.

Na utani una kazi yake. Siku ya mazishi wana hulia, wajukuu huchekesha. Mjukuu huvaa nguo za marehemu, huuiga mwendo wake, huziba njia ya kaburini mpaka wenye msiba wampe chochote ndipo awapishe. Ulinikabidhi kazi hiyo ningali navaa kaptura ya shule. "Hawa wanangu watalia tu, hawajui lingine," ulisema. "Wewe uvae leso yangu, ushike mkongojo wangu, unipeleke kwa kicheko. Nisiende kimya kimya kama mtu asiye na wajukuu." Nikasimama pale pale nijaribu mwendo wako, ukanirushia ndara, ikanipata sikioni. "Wee! Ukiniiga ningali hai utaniharakisha! Ngoja siku yangu ifike."

Basi nikangoja. Nikawaiga watu wote wa dunia hii, nikakuacha wewe. Laiti ungeniacha nijaribu hata mara moja, Hawe. Mara moja tu, unirushie na ndara ya pili.

Unakumbuka nilivyoleta habari ya safari? Mimi, Hamisi wa Likoni na Mutua wa Magongo tulikuwa tumeachishwa kazi kwenye ghala la makontena Changamwe, tukalipwa haki zetu. Wenzetu walinunua pikipiki. Sisi tukanunua mabegi ya mgongoni, tukasema tutaizunguka dunia mwaka mzima. Baba aliuacha ugali ukapoa, kisha akauliza, "Dunia imekukosea nini hata uizunguke?" Shangazi akasema nimerogwa. Wewe peke yako ndiye uliyecheka, ukavuta ugoro, ukapiga chafya, ukafuta pua kwa ncha ya leso. "Mwacheni mume wangu aende. Karisa wa kwanza hakuwahi kupita Mariakani, wa pili amkamilishie." Kisha ukaniita karibu ukaninong'oneza kama unaniagiza dawa. "Huko uendako, niangalizie vikongwe wenzangu. Nataka kujua wanatembeaje."

Dunia yenyewe tuliizunguka pale ilipotufungulia mlango, Hawe. Pasipoti yetu ina nchi nyingi isizozijua. Ubalozi mmoja ulitutazama kama tumeingia benki na kuku kwapani. Basi tukaenda kule kusikotaka viza, au kule inakopatikana bila kubembeleza. Tanzania, Malawi, Zambia, Namibia, kisha tukapanda ndege mpaka Malesia, Indonesia, Ufilipino. Mutua alikuwa akikunjua ramani na kusema, "Buda, hii dunia yetu ni ndogo mbaya." Tulilala vyumba vya watu wanane, tukafua soksi kwenye masinki, tukagombana juu ya chumvi. Hamisi alinuniana na Mutua kutoka Lusaka hadi mpaka wa Namibia kwa sababu ya kandambili. Nilikuwa na furaha, Hawe. Siwezi kukudanganya, ilikuwa furaha ya kweli, na hiyo ndiyo inayoniuma sasa.

Agizo lako nililishika. Kila tulipofika nilitafuta kikongwe, nikamtazama kwa adabu anavyotembea, kisha nikajificha nyuma ya nyumba nikamwiga, Hamisi akinipiga video na kunung'unika. "Wallahi, Karisa, wajukuu wa huyu bibi wakikushika, mimi sikujui." Yule wa Malawi aliyetembea kando ya ziwa shingo imesimama, kana kwamba ana ndoo kichwani, na kumbe hana kitu. Yule wa Namibia mwenye gauni pana lenye sketi juu ya sketi, aliyekwenda akilisukuma mbele kwa magoti. Yule wa Java wa hatua fupi fupi, ambaye mvua ilinyesha sokoni watu wakakimbia, yeye hakuongeza hata nusu hatua. Nilikutumia wote kwenye simu ya Shangazi, nawe ukanijibu kwa sauti. "Huyo goti la kushoto limekwisha. Mwambie apake mafuta ya nyonyo." "Huyo anaringa. Huyo ana ng'ombe huyo." "Na huyu wa mwisho nimempenda. Angekuwa jirani tungegombana vizuri."

Tulicheka. Lakini nimekuja kugundua jambo, na nitalisema wazi maana halikai kifuani. Tulipopigiana video, aliyekuwa akitazamwa ni mimi. Wewe hukuwahi kuishika simu sawasawa. Nilikuwa naona paji la uso wako, kilemba, na makuti ya paa. Miezi yote ile, Hawe, sikuiona miguu yako hata siku moja. Wala sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kukuonyesha miguu ya wenzako.

Ulianguka asubuhi ukipepeta mchele. Sisi tulikuwa kwenye kisiwa kidogo huko Ufilipino, na mama ndiye aliyepiga. Hakusema mengi. Alisema, "Mume wa mtu, mkeo ametutoka." Hamisi na Mutua walinifungia begi. Mashua, basi, uwanja wa ndege. Ndege ya kwanza ilipitia nchi inayotaka viza hata kwa mtu wa kupita tu. Ya pili ilijaa. Ya tatu ingefika wewe umeshazikwa. Baba hakutaka ungoje, na simlaumu.

Ndipo wakaamua nifanye kazi yangu kwa simu. Nimesimuliwa jinsi mchungaji alivyoishusha maikrofoni hadi kwenye simu ya Shangazi, akasema, "Sasa tumsikie mume wa marehemu." Nikasikia watu wakianza kucheka hata kabla sijasema neno. Walikuwa wamejiandaa, maskini. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kule uwanja wa ndege, Mutua amenishika bega, na maneno nilikuwa nayo. Nilitaka kusema, "Jeneza hilo haliendi popote, huyo mwanamke hajaniandalia chakula." Nimeyakariri tangu utotoni. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nililia, Hawe. Nililia kwenye vipaza sauti vya kanisa, Mwakirunge nzima ikasikia, na wote waliokuwa wakingoja kucheka wakalia pamoja nami. Kisha nikasikia Baba akisema, "Kateni hiyo simu."

Ulinipa kazi moja tu.

Sikurudi baada ya hapo. Nilijiambia kaburi limeshafukiwa, nirudi kumchekesha nani? Nikaumaliza mwaka. Niliona milima inayofuka moshi na mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi ngazi, na sikumwiga mtu tena. Nilipiga simu nyumbani, mama akapokea, Shangazi akapokea. Baba kila mara alikuwa ametoka kidogo.

Nilipofika wiki iliyopita alinipa mkono, akaniuliza kama nimekula, basi. Yeye ni mzee wa kanisa, anajua kumsamehe mtu bila kuzungumza naye.

Jana Hamisi na Mutua walikuja kukuzuru. Tukakaa uani na mama na Shangazi, Baba kwenye kiti chake ametupa mgongo. Nikasema ndani ya moyo, sasa au basi. Nikamwomba Shangazi leso yako. Aliyonipa bado inanuka ugoro, nikabaki nimeishika puani mpaka akanifinya. Nikajifunga, nikavaa kilemba chako, nikashika mkongojo. Nikaanza na wenzako wa mbali, maana kuna wawili nilikuwa sijakutumia. Nikawatembeza wote kutoka mlangoni kuelekea kwenye mkorosho ulikolala, mama akacheka kidogo kwa kunihurumia.

Kisha ikawa zamu yako. Nikasimama. Nikanyanyua mguu, na sikujua ni upi.

Mguu wako mmoja ulikuwa mbovu, nchi nzima inajua. Nilipokuwa nikikuuliza ulipatwa na nini, kila siku ulikuwa na jibu jipya. Mara ulimpiga babu teke ukakosea ukapiga ukuta. Mara ni mamba wa mto Sabaki. Mara ni jini aliyekupenda akakuvuta kitandani. Nilizikumbuka hadithi zote, mguu wenyewe nimeusahau! Nikaburura wa kushoto, haukukubali. Nikaburura wa kulia, nao nikautilia shaka. Nikawa natembea kama mtu aliyechomwa na miiba miguu yote miwili, jasho linanitoka, naona aibu hata kwa mkorosho.

"Si hivyo!" Shangazi akapiga kelele. "Ni wa kushoto!" Mama akasema wa kulia. Hamisi akaapa wa kushoto, Mutua akamwambia, "Wewe ulimwona mara mbili, zote ukiwa unakula." Ikawa kesi. Shangazi akasimama kuonyesha, mama akasimama kumpinga, na mimi katikati na leso yako nikitamani ardhi inimeze.

"Wa kulia." Alikuwa Baba. Hakugeuka. "Aliteguka nyonga siku aliyonibeba mgongoni kunipeleka zahanati. Nilikuwa na homa. Kulinyesha, akateleza pale machimboni. Angeniachilia asingeumia. Hakuniachilia."

Hakuna aliyelijua hilo, Hawe, hata Shangazi, bintiyo. Kisha Shangazi, unamjua alivyo, akasema polepole, "Mimi bado nasema ni wa kushoto."

Baba akainuka. Akaja, akaninyang'anya mkongojo. "Tazameni basi, msije mkaniharibia mamangu." Na akatembea. Baba yangu! Mwana haigi mamake, ni mwiko, na yeye ndiye mzee wa kanisa, na suruali yake ya kupigwa pasi. Alitembea bila kucheka, kama anayetoa ushahidi. Mguu wa kulia ukachora mstari mchangani. Akafika kwenye lile jiwe lako la kupumzikia, akashika kiuno, akakohoa kikohozi chako. Lori likapita barabarani, akageuka akalilaani kwa maneno yako yaleyale, na neno lile la mwisho ulilokuwa ukimkataza asilitamke.

Shangazi alianguka mkekani. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Mama akacheka, Hamisi akajipiga magoti, Mutua machozi yakamtoka, na mimi nikauona mwendo wako, Hawe, ukiwa mzima, ukienda mbele yangu. Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nikakimbia nikamtangulia, nikasimama kati yake na kaburi, nikatandaza mikono. "Hapiti mtu! Huyu ni mke wangu. Nipeni changu kwanza!"

Baba akajipapasa mifukoni, hakukuwa na kitu. Mabega yalikuwa yakimtetema, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Akanyoosha mkongojo wako, akaniwekea mkononi. "Haya, mume wa mama," akasema. "Mpeleke."

Nikakupeleka. Nimechelewa, najua, na ulichokwenda nacho siku ile kilikuwa kilio changu, na hilo sitaweza kulifuta. Lakini ulisindikizwa jana, na walicheka, na ulisikika mpaka barabarani.

Sasa nakuaga, Hawe. Sitakwenda mbali kwa muda. Nimepata kazi Magongo, na Jumapili ni zako. Kila nikija nitatembea kwa mwendo wako kutoka barabarani hadi mkoroshoni, walio na macho watazame. Na nikijaliwa wajukuu nitawaacha waniige ningali hai, wakosee, niwarekebishe mwenyewe. Kama ni kuniharakisha, na waniharakishe.

Lala salama, mke wangu. Mguu wa kulia. Nimeshika.

Mumeo,
Karisa