Kabla ya Huyu Mtoto Tulikuitaje?

Newala, Jumatatu

Mama Zuhura,

Pale dirishani ulipokuwa unapokea wagonjwa sasa pana kompyuta. Nilichelewa kukubali. Lakini tangu uondoke hakuna aliyeweza kupata kadi kwenye makabati yako. Kumbe mpangilio wote ulikuwa kichwani mwako.

Wauzaji wawili wa programu walikuja kutoka Dar es Salaam. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na inapendeza. Ya pili nzito, sura yake ya hovyo. Nikachukua ya kwanza kwa majaribio ya mwezi mmoja. Nesi Asumini akaingiza kadi zote, kila moja kwa jina lililoandikwa juu yake.

Wiki ya tatu akaja mwanamke wa Mnyambe mwenye jipu. Akajitaja Mama Shabani. Kompyuta ikasema hayumo, tukamwandikisha upya. Nilikuwa nimeshaandika penisilini, na Asumini ameshaivuta kwenye bomba la sindano, mama yule alipoanza kunung'unika: "Mama Zuhura asingeniuliza maswali yote haya. Hii kompyuta yenu haina ndugu Mnyambe?"

Nikakumbuka swali lako la dirishani. Kabla ya huyu mtoto tulikuitaje? Nikamuuliza. Akasema, "Si mlikuwa mkiniita Binti Hamisi." Tukaenda kabatini. Kwenye kadi ya Binti Hamisi, kwa kalamu yako nyekundu: ASICHOMWE PENISILINI, ALIVIMBA KOO.

Kosa ni langu. Ilinipasa nimuulize mwenyewe kuhusu dawa, nikaiachia kompyuta. Sindano tuliitupa. Yule mama tukampa dawa nyingine. Mchana nilikula peke yangu, kadi yake mezani.

Nikamwita tena muuzaji wa pili. Sikumuuliza habari ya wepesi. Nilimuuliza jina la zamani la mgonjwa linakaa wapi. Akanionyesha nafasi yake, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na majina hata matano. Nimechagua hiyo. Inakwenda polepole, na umeme ukikatika tunarudi kwenye kadi. Alisema maneno ya kwenye kioo naweza kuyabadili nipendavyo, basi pale juu ya nafasi ya majina nimeandika swali lako, neno kwa neno.

Zuhura amerudi kwa mumewe Masasi baada ya arobaini yako. Alitaka nihamie kwao, nikakataa. Zahanati tuliifungua wawili, mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa tena kutoa tiba, siwezi kuifunga mmoja. Hapa kazini naitwa Daktari. Nyumbani siitwi.

Kadi zako sitazichoma, ingawa muuzaji alishauri hivyo. Na hakuna atakayepita dirishani pale bila kuulizwa. Hilo nakuahidi.

Lala salama, mama.

Ni mimi, Baba Zuhura, ambaye kabla ya huyo mtoto ulimwita Rashidi.