Mkwe Alivyonidaka Ngosi

Ambrosi rafiki yangu, gari limeshaondoka Ngosi na mimi nakuandikia humu humu ndani. Mapumziko ya familia, walisema!

Unamjua Eveline, mke wa mwanangu Gwakisa. Kwetu Wanyakyusa mkwe hamtazami baba mkwe, sembuse kumgusa. Tangu aolewe namjua kwa mgongo tu.

Sasa kule juu ya Mlima Ngosi, najidai kuwaonyesha wajukuu ziwa la volkano, tope likanibeba. Nateremka kwa makalio kuelekea ziwani!

Mtu akanikamata mkanda, suruali ikapasuka. Kugeuka, Eveline! Ananitazama usoni!

"Niache, mwanangu, ni mwiko!"

"Mwiko tutauongea ukiwa hai, baba!"

Usoni, Ambrosi!

Gwakisa anaendesha. Wajukuu wamelala. Doti ya Eveline tumegawana: kanga moja imemfunika yeye uso, nyingine imenifunika mimi makalio.