Fomu Iliyosema Sina Mtoto

Buffalo, Jumamosi, 9 Aprili 2016

Theluji imeanguka tena. Aprili! Asubuhi nimepangusa kioo cha gari kwa ufagio wa jikoni, huku nikinung'unika kama bibi kizee. Sasa ni saa tisa alasiri, na chai imepoa mezani.

Leo nimeona kwa macho yangu kwamba kwa miaka minne serikali ya nchi hii imenijua kama mwanamke asiye na mtoto.

Mimi! Mwenye viatu vya watoto mlangoni vya kutosha kufungulia duka.

Ilianza Jumatano. Mdogo wangu Riziki, anayeishi Highview kule Louisville, alinipigia simu akicheka peke yake. Kodi yake imerudi, kanunua gari. Riziki anapanga maboksi kwenye ghala, mshahara wake unazidi wangu kidogo tu, na yeye naye analea peke yake. Nikamwambia hongera, mimi kila mwaka narudishiwa hela ya viatu na mchele, namshukuru Mungu. Kicheko kikakatika. Akaniita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani:

"Yaya, uliandikisha batoto ngapi?"

Nikamjibu sijaandikisha yeyote, kwani tunazungumzia shule?

"Eh! Donc, kumbe hii miaka yote banakukata sawa mutu hana mutoto? Yaya, unafanyaka nini huko?"

Nilikaa kitandani na simu sikioni. Hapa kila mshahara unakatwa kodi kabla hujaugusa, na mwanzo wa mwaka unajaza fomu ili kilichozidi kirudi. Mwenye kulea watoto hurudishiwa zaidi sana. Hilo nililisikia kanisani mara nyingi. Nilidhani watoto wangu wanajulikana tayari. Si tulishuka nao ndege moja, kwa karatasi zile zile?

Sasa niseme ukweli wangu wote. Blogu hii alinifungulia binti yangu Divine, na kwa bahati yeye Kiswahili hasomi.

Mimi sihesabu watoto.

Kwetu, milimani juu ya Uvira, mama hataji idadi ya watoto wake, kama vile baba hataji idadi ya ng'ombe wake. Ukihesabu, kifo kinasikia. Mtu akikuuliza unajibu, "Ni wa Mungu," na mazungumzo yanaendelea. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, hawakunisumbua, maana waliandika majina, mmoja mmoja, na kutaja jina si kuhesabu. Najua mtacheka. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nilifundisha hesabu miaka sita, nikachapa watu kwa kukosea kujumlisha.

Tulipofika Amerika tulianzia Columbus. Kazini walinipa karatasi inayouliza ni watu wangapi wananitegemea. Nikapaacha patupu. Mwaka ulipokwisha nikaenda kwa jamaa mmoja aliyejaza fomu za kodi nyuma ya duka la simu, mtu wa Kiswahili cha haraka haraka. Akauliza, watoto wangapi? Nikamjibu, ni wa Mungu. Akanitazama kwa huruma, labda alidhani Mungu bado hajanijalia, akaandika sifuri. Nikasaini. Tulipohamia Buffalo, mtu mwingine akanakili ile ya mwaka uliotangulia, na miaka iliyofuata hivyo hivyo. Sifuri yangu ilihama nami, ikapanda basi nami.

Pesa zinauma, sikatai. Lakini kinachonichoma zaidi ni Jumapili zangu.

Miaka yote hii nimefanya kazi Jumapili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kukunja mashuka, kwa sababu mshahara wa siku tano haukutosha. Watoto wanakwenda kanisani kwa gari la jirani. Siku Grace wangu alipoimba peke yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza, nilimsikia kwenye simu, nimejificha chooni, mashine zikinguruma. Leo naambiwa kwamba Jumapili hizo hazikuwa za lazima. Nilizitoa bure.

Basi leo tumekwenda maktaba, mimi na Divine wa kunitafsiria. Kuna watu wa kujitolea wanaosaidia mambo ya kodi bila malipo. Tulipewa mama mmoja Mzungu, mstaafu, miwani imefungwa kamba shingoni. Alizipanga fomu zangu za zamani mezani, akaweka kidole pale pa watoto kwenye kila moja. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Akasema zinaweza kusahihishwa, ila ule mwaka wa kwanza mlango wake unafungwa Ijumaa hii. Baada ya hapo, basi.

Akashika kalamu. Watoto wangapi?

Nilijua swali linakuja. Tangu Jumatano nilijiandaa, nikajiambia wewe ni mtu mzima, ni Mkristo, sema namba uende zako. Nikaanza kunyoosha kona za fomu zilizokunjika.

Divine ana miaka kumi na mitano, hana subira na mambo yangu. Akajibu mwenyewe kwa Kiingereza: wanne, na mimi ndiye mkubwa.

"Batano," nikasema.

Sijui ilitokea wapi. Niliisikia kama nimesemewa na mtu mwingine.

Divine akanigeukia, uso umejaa aibu ya mtoto ambaye mama yake amekuwa kichekesho mbele za watu. Mama, no, akasema, four. Lakini yule mama Mzungu alikuwa ameweka kalamu chini. Akauliza taratibu, huyo wa tano ni nani, na je, anaishi nanyi? Divine akaanza kunitafsiria, na sauti ikamfifia katikati ya swali, kwa sababu alianza kuelewa anachotafsiri.

Nikasema hapana, haishi nasi. Andika wanne.

Tukamaliza, nikasaini mara nne. Bahasha ziko hapa pembeni yangu, Jumatatu nazipeleka posta.

Kwenye gari Divine hakuvaa visikilizi vyake. Tulipofika kwenye taa za barabara ya Bailey, huyu mtoto ambaye kila nikimsemesha hunijibu Kiingereza, akaniuliza kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Jina yake ni nani?"

Mugisha. Nilisimamisha gari kando ya barabara nikamwambia. Alikuwa na miaka miwili. Ilikuwa homa, tukishuka milima kwa miguu kuelekea ziwani, mwaka mmoja kabla Divine hajazaliwa. Nikamwambia watu waliniita Mama Mugisha, na kwamba yeye alipozaliwa wakabadilisha, wakaanza kuniita Mama Divine, nami nikaitika. Alilia sana. Kisha akakasirika, akaniuliza kwa nini hakuambiwa. Sasa yuko chumbani, amefunga mlango.

Nilinyamaza ili kifo kisiijue hesabu yangu. Kifo kiliijua tangu zamani. Walionyimwa kuijua ni watoto wangu mwenyewe. Nilikuwa namficha nani, na nilimficha asionwe na nani?

Nimempigia msimamizi, nimemwambia kesho siji. Amelalamika, mwache alalamike. Kesho nakwenda kanisani na watoto, na tukirudi nitawakalisha hapa sebuleni, nizime televisheni, niwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja. Nitaanza na Mugisha.