Maji ya Bwawa Yalipotakata

Msanzi, Kalambo

Kwako dada Nyangeta,

Shikamoo dada. Kabla hujaendelea mpe mama shikamoo yake, maana najua amekaa pembeni yako anauliza, "Anasemaje?" Macho yake vipi? Bado anatambua watu wakiwa mlangoni, au mpaka waongee? Mimi mzima, ila baridi ya Ufipa inanitafuna, nalala na sweta mbili.

Dada, Pasaka siji. Kwenye simu nilishindwa kukwambia, ndiyo maana naandika.

Unajua nalisha samaki kwenye bwawa la Mzee Sikazwe, na tulikubaliana tukishavua kabla ya Pasaka ananiruhusu nije huko Ukerewe kumwona mama. Maji yalikuwa ya kijani kizito kama mlenda. Ule ukijani ni vimea vidogo mno, ndicho chakula cha sato. Sasa Mama Kalista, mwenye shamba la mahindi hapo juu yetu, akapuliza dawa ya magugu, na mvua kubwa ikaja ikaishusha yote bwawani. Maji yakaanza kutakata. Jamani, tulivyofurahi! Mzee aliita majirani waje waone samaki hadi chini kabisa. "Magesa, umetusafishia bwawa!" Nami nikapokea sifa.

Baadaye ukatanda utando mwingine, wa kijani cha bluu kama rangi iliyomwagika, unanuka vibaya. Bwana samaki wa wilaya alituambia dawa imeua vile vimea vyetu vya chakula. Hivi vingine dawa haikuviweza, vikakuta nafasi tupu, jua lao, mbolea yao, vikatawala. Sato hawavili, na usiku vinamaliza hewa majini. Nikamwuliza tufanyeje, akasema tubadilishe maji. Maji yapi, dada? Kijito chenyewe kinapita shambani humo humo.

Alfajiri moja niliwakuta samaki wamepanda juu wote, midomo wazi, wanahema. Nikasimama na ndoo yangu ya pumba nisijue niende wapi. Mpaka mchana walishageuza matumbo juu, wamekufa.

Nilipanda kwa Mama Kalista nimefura kweli kweli. Akanikaribisha uji wa ulezi. Mgongo umempinda, wanawe wote wako Mbeya, hakuna aliyebaki wa kushika jembe. "Mwanangu, nisipopuliza nitakula nini?" Nikanywa uji, nikashukuru.

Hapa, na habari ya samaki kufa, usimsomee mama, dada. Mzee Sikazwe hana kazi ya kunipa tena, na siwezi kumlaumu. Jana Mama Kalista alinifuata mwenyewe. Magugu yamerudi na bomba la dawa limemshinda kubeba, anataka nimpulizie mimi, msimu ukiisha atanipa nauli ya kuja kwenu. Nimekubali. Kesho naanza upande wa chini, ule unaopakana na bwawa. Nimechoka, dada, sijui hata nilie kwa nani.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo anayeanika dagaa, na yule binti yako msumbufu. Mama mwambie ayatunze macho yake, nakuja. Akiuliza nafanya nini huku, mwambie nalisha samaki.

Mdogo wako,
Magesa